Boti Iwe ya Mwisho: Vitu za Kununua Kabla ya Kayaki ya Upepo

Kila msee akiona hizi kayaki za kujaza upepo kwa TikTok, swali ya kwanza ni moja: boti ni ngapi? Manze, hiyo swali imekaa vibaya. Uliza laifu jaketi ni ngapi. Uliza kafi, uliza pampu yenye iko na geji. Ukimaliza hiyo listi na bado uko na ganji, sasa tuongee mambo ya boti.

Najua nakaa kuongea kama mathe wa mtu. Lakini cheki venye hizi vitu huuzwa. Unafungua boksi unapata boti, kapampu ka mkono, kafi ya alumini imekatwa vipande, pezi ya plastiki, na kiraka kadogo kama stempu. Mayut wanaona hivyo wanasema wamefika, kila kitu iko ndani. Jaketi haiko. Filimbi haiko. Kamba haiko. Na hiyo kafi ya bure iliwekwa hapo kushusha bei ya boksi, kuvuka nayo ng'ambo ni stori yako na mabega yako.

Usiskie ati nachukia boti zenyewe. Kwa sisi wa bedsitter, hii ndio kayaki pekee inaingia akili. Kayaki ya plastiki ngumu iko kama mita 3 hadi 4. Hiyo utaiweka wapi Pipeline? Utapanda nayo ngazi hadi floor ya sita aje, na keateka anakuangalia na ile jicho? Na hata upate pa kuiweka, bado unadai ndai yenye iko na reki juu. Ya upepo inakunjwa inaingia begi. Ile inajulikana sana, Intex Explorer K2 ya watu wawili, iko kama kilo 15 hivi, so inaingia buti ya mathree ya Vasha bila mashida. Konda akitaka kuchajia begi kama abiria, bishana na yeye, juu gunia ya viazi kutoka ocha ni nzito kuliko hiyo na hulipiwa finje.

Na hii form si ya juzi. Miaka ya 1840 kulikuwa na luteni wa jeshi la majini la Uingereza, Peter Halkett, alitengeneza koti ya kitambaa imepakwa mpira. Unaidunga kama koti ya mvua, ukifika kwa maji unaijaza upepo inakuwa boti ya msee mmoja. Fimbo yake ya kutembea ilikuwa inageuka kafi, na mwavuli inageuka tanga. Jeshi lake likamwambia ni idea safi lakini haina kazi kwao. John Rae, msee wa kuzurura pande za Aktiki, yeye alibeba boti ya Halkett kwa safari zake na ikamsaidia kuvuka mito. Mimi hupenda hapo kwa fimbo na mwavuli. Buda alikuwa amefikiria vitu za pembeni kabla hata maji imguse.

Sasa tuingie kwa jaketi, na hapa tutakaa kidogo.

Jaketi hupimwa na nguvu ya kukuelesha, kwa newtoni, na namba iko kwa lebo ndani. 50 ni ya msee anajua kuogelea na yuko karibu na ufuo. Inakubeba ukiwa macho, lakini ukizima haitakugeuza uso uangalie juu. 100 ni ya maji imetulia na inajaribu kukugeuza. 150 ni ya bahari ya nje. Wasee wa kayaki wengi hudunga 50 juu inawacha mikono huru, na hiyo iko sawa kama unaweza ogelea kitu. Kama huwezi, chukua 100 na uvumilie venye inakubana shingo. Wengi wetu tumekulia mitaa penye maji ilikuwa ya jerikani, hakuna aibu hapo. Aibu ni kudanganya mbogi ati unajua kuogelea ndio usikae mshamba kwa picha.

Saizi ndio watu huangukia. Ukiidunga, funga mikanda yote, halafu ambia beste yako avute mabegani kwenda juu kwa nguvu. Ikipanda hadi masikio, hiyo si yako. Kwa maji itafanya hivyo hivyo, wewe utazama chini na jaketi ibaki juu imekubana mdomo. Ya mtoi lazima ikuwe na mkanda wa kupita katikati ya miguu, juu mtoi hana mabega ya kuishikilia. Kama unanunua mitumba, bonyeza ile povu na kidole. Ikirudi polepole ama ikae imebonyea, hiyo povu imekufa, wachana nayo hata kama ni soo mbili. Cheki nyuzi pia, juu jua hula nyuzi kabla ile kitambaa ibadilike rangi, unaona jaketi bado inang'aa kumbe mshono unafunguka kama karatasi.

Halafu idunge. Wikendi yoyote kwa maji utaona jaketi imekaliwa kama mto, juu ati kuna joto, ama dem anataka picha na bikini mpya. Kenya Maritime Authority wameimba hii wimbo ya jaketi kwa boti za abiria miaka nenda miaka rudi, na bado kuna boti utapanda upate zimefungwa pamoja na kamba huko nyuma. Kwa boti kubwa unaweza pata dakika ya kuitafuta. Kwa kayaki ya upepo, ukipinduka umeshapinduka.

Kwa hiyo jaketi funga filimbi. Ya plastiki, ile haina kagololi ndani, juu hako kagololi kakiloa filimbi inakufa. Milio mitatu, unapumzika, mitatu tena. Ukijaribu kupiga nduru kwa upepo wa bahari, sauti inaishia hapo kwa pua yako.

Kafi sasa. Hizi boti za upepo ni pana, juu kila upande iko na ile bomba nono ya hewa. Ukiwa na kafi fupi unagonga vidole kwa bomba kila ukivuta, na maji inamwagikia mapaja. Tafuta ya sentimita 220 hadi 240. Ya sentimita 240 ni ya boti pana ama msee mrefu. Ukiweza pata yenye mpini wake ni wa faiba badala ya alumini, ongeza doh uchukue, na sababu ni hesabu tu. Msee wa kawaida anavuta kama mara 30 kwa dakika. Hiyo ni mara 1,800 kwa saa unainua kitu moja. Gramu 300 za ziada huwezi skia kwa duka, lakini ukifika katikati ya ziwa utazijua kwa jina. Cheki pia iko na zile ringi za mpira kwa mpini, zinazuia maji kuteremka hadi kwa kwapa. Na ikuwe ya kufunguka vipande viwili ama vinne, juu bado unarudi na mathree.

Funga kafi kwa boti na kamba. Hii ya upepo hukaa juu ya maji sana, haina uzito, so upepo unaichukua mbio kuliko wewe unaweza ogelea. Ukianguka kama hujashika kitu, boti itasare bila wewe. Kafi imefungwa kwa boti, wewe umeshika kafi, basi mko pamoja. Ni mahali moja tu hii kamba haifai, mto yenye iko na maporomoko, juu huko inaweza kukunasa kwa mawe ama mti.

Pampu nayo ndio penye wajanja wa Nai huchomeka. Kuna msee atakwambia, si upeleke petroli stesheni wakujazie na ile ya matairi? Buda, zii. Tairi ya ndai inataka kama psi 30. Kayaki ya bei ya chini inataka psi 1 hivi, zingine hata chini ya hapo. Zile za kitambaa kigumu zinataka 2 hadi 3, na zile ziko na sakafu ngumu ya kushonwa na nyuzi ndani zinafika 6 hadi 10. Ukiweka hose ya petroli stesheni kwa kitu ya psi 1, utaskia mlio, na watu wa pampu watacheka hadi jioni. Pampu ya baiskeli nayo ni mateso ya aina ingine. Hewa yake ni kidogo sana, na mdomo wake haushiki kwa valvu ya Boston, ile pana ya hizi boti. Utapampu hadi jua lizame.

Nunua pampu ya mkono ya kusimama, ile inajaza ukisukuma na ukivuta. Na ikuwe na geji. Bila geji watu hutumia kidole, wanabonyeza wanasema imekaza. Kidole haijui psi.

Kuna sababu ingine nalilia geji, na hii ni fizikia ya shule tu yenye tulidhani haina kazi. Hewa ikipata joto inatanuka. Ukijaza boti hadi psi 1 asubuhi Kilifi kukiwa na baridi, halafu uiwache mchangani hadi adhuhuri, joto ya hewa ndani ikipanda digrii 20, hiyo psi 1 inasonga karibu na 2. Yaani mara mbili ya kenye kiwanda ilisema. Mshono unafunguka ukiwa umekaa kwa kivuli unakula viazi karai. So ukitoka kwa maji, fungua valvu kidogo ama uivute kwa kivuli. Kinyume yake pia iko: ukiijaza kwa jua kali halafu uitie kwa maji baridi, inalegea. Wasee wanadhani wamepata pancha, kumbe ni hewa imepoa. Ongeza kidogo ukiwa umeshaiweka kwa maji, na maisha iendelee.

Na usibebe boti ikiwa imejazwa kutoka Mombasa hadi Vasha juu ya ndai ya mtu. Vasha iko karibu mita 1,890 juu ya bahari na hewa ya huko ni nyepesi. Tofauti na pwani inakaribia psi 3. Boti ya psi 1 ikipanda huko na hewa yake ya Mombasa inaweza pasuka hata kabla mfike Mai Mahiu. Mbona mtu abebe hivyo? Sijui, lakini watu hubeba.

Pezi ni kale kamkia ka plastiki kanaingia chini nyuma. Bila hako, kila ukivuta boti inakatia upande, unazunguka kama umelewa. Kakipotea, safari imekwisha, na hupotea rahisi sana, so kafunge kwa begi na kamba ukimaliza. Kwa maji fupi katoe kabla kakwame kwa matope kapasue mahali kameshikilia.

Kiti? Ile ya kwa boksi inatosha kwa saa moja. Mgongo ikilia, nunua ingine baadaye. Sitapoteza wakati hapo.

Mavazi ndio rahisi, juu Gikomba na Toi ziko. Unataka dri-fiti ya mikono mirefu, kaptula ya kukauka mbio, na ngepa yenye iko na kamba ya kufunga kidevuni. Jinzi wacha keja. Jinzi ikiloa ni jiwe, na haikauki hadi kesho kutwa. Pamba pia hunyonya maji, so ile tishati yako ya Arsenal ya pamba ibaki begini ya kubadilisha. Wetsuti usinunue kama unaenda pwani. Maji ya bahari yetu huwa digrii 25 hadi 30, utajipika. Kwa Vasha asubuhi nayo baridi iko, hapo jaketi nyepesi ya upepo inasaidia kuliko sweta. Jua ya ikweta ikigonga maji inarudi kwa uso kutoka chini, so paka krimu ya jua hadi chini ya kidevu na ndani ya masikio, hata kama umejiambia ngozi nyeusi haichomeki. Inachomeka. Uliza mvuvi yeyote.

Kwa miguu dunga viatu za kufunga, soli iwe ngumu. Ndala zinaelea zinaenda zake. Kule Mida na Tudor, mizizi ya mikoko iko na chaza wenye wanakata kama wembe, wanakata wewe, na wanakata boti. Kwa sababu hiyo tu, mimi ukiniuliza kama uingie katikati ya mikoko na boti ya plastiki nyembamba, nitasema zii. Zunguka kwa mkondo wa wazi.

Simu: tafuta lile begi la kukunja mdomo, lile la raba ngumu. Kunja mara tatu kabla ufunge. Mara moja haitoshi, maji inaingia. Karatasi za zipu za supa ni za sandwichi. Begi kubwa la nguo lifunge kwa boti, lakini simu ikae kwa mwili wako, ndani ya kibegi chake, juu ya jaketi. Ukiachana na boti, simu kwa boti ni ya nani? Na ibaki na chaji ya kupiga 999 ama 112, na kakitu ka M-Pesa, juu ukikwama huko nje mwenye atakuvuta ni mvuvi na injini yake, na petroli yake haikuji bure. Mpe heshima yake, mlipe. Spika ya bluututhi nunua ya mwisho kabisa, hata nyuma ya boti. Watu wa mikoko wanataka kuskia ndege, na wewe unataka kuskia kiboko.

Eeh, kiboko. Tuongee mahali.

Vasha ndio wengi huanza juu ni karibu na Nai. Lakini viboko wa Vasha hawachezi na mtu. Usiku wanatoka kula nyasi, asubuhi wanarudi, na mchana wamelala kwa maji fupi karibu na mafunjo. Ukijipata katikati ya kiboko na maji ya kina umemzibia njia, na yeye hajui wewe ni mtalii ama ni nani. Kayaki ya upepo kwa hilo ziwa, bila msee wa boti wa hapo anayejua wamelala wapi leo, usiende. Leo, nimesema, si wiki iliyopita, huhama. Na ingia asubuhi, juu mchana upepo wa Vasha huamka na kuinua mawimbi, na boti nyepesi hapo inakuwa karatasi.

Kwa ziwa la Kisumu kuna viboko pia, kuna magugu maji yenye hufunga njia ukiwa ndani, na kuna kichocho. Hiyo minyoo hupenya kwa ngozi, hasa kwa maji fupi yenye majani penye konokono wako, so viatu na kukauka mbio zinasaidia lakini hazizuii kabisa. Ukiwa mtu wa kuingia hilo ziwa kila mara, pimwa kwa hospitali. Dawa iko na inafanya kazi.

Pwani ndio boti ya upepo inafurahia, lakini lazima uelewe maji. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, tofauti inaweza pita mita 3. Kwa Mida Creek, yenye iko ndani ya hifadhi ya Watamu ya tangu 1968, maji yote inapita kwa mlango mmoja mwembamba. Ikitoka, inatoka na nguvu. Panda na maji ikijaa, ikubebe ndani bila kutoa jasho, urudi mapema ikianza kupwa, na ukae mbali na mlango. Ukichelewa kuna mambo mawili, ama unavutwa nje ama unabaki kwa matope unavuta boti na kamba. Kilifi Creek usiku kuna vidudu vidogo vya maji vinawaka ukigusa maji na kafi, manze ni kitu ya kuona, lakini usiku enda na mtu wa hapo na tochi ya kichwa, na useme keja unarudi saa ngapi.

Kabla uingie, tafuta mzee amekaa na nyavu zake. Sheng wacha kando. "Shikamoo mzee, maji yajaa saa ngapi leo?" Atakwambia saa, atakwambia upepo, na pengine atakwambia usiende. Akisema usiende, kunywa madafu. Ratiba ya maji iko pia kwa simu, lakini simu haijui kama kusi imeamua kuvuma vibaya leo. Hatari kubwa ni upepo wa kutoka nchi kavu kwenda bahari. Karibu na ufuo maji itakuwa imetulia tuli, hakuna wimbi, unajiambia leo ni siku. Ukifika mbali ndio unajua hauwezi kurudi.

Sagana nayo, kwa Mto Tana, wachia wale wenye helmeti na boti nene. Kayaki ya ziwa haiendi kwa maporomoko, hata kama uliona vidio.

Pancha itakuja, so begi la fundi ni la lazima. Wasee hufikiri ile solushoni ya fundi wa baiskeli inatosha. Hiyo ni ya mpira, ya tyubu. Kayaki nyingi ni PVC, na hiyo gundi ikikutana na PVC inashika siku moja halafu inabanduka kama stika. Tafuta gundi ya PVC na kipande cha PVC ile ile. Shimo dogo huoni? Chukua maji ya sabuni upake. Mahali povu inapanda ndio hapo. Kausha, piga msasa kidogo, futa na asetoni, kata kiraka cha duara chenye kinapita shimo sentimita kama 5 kila upande. Kona za mraba huanza kuinuka, ndio maana ni duara. Paka gundi pande zote mbili, ngoja ikaukie kidogo, bandika, weka kitu nzito juu, halafu usiiguse hadi kesho. Masaa 24. Sijasema masaa mawili. Ukiwa huko nje na huna kesho, kuna viraka vya kubandika vya Tear-Aid, na uchague vizuri: aina B ndio ya PVC, A ni ya vitambaa vingine. Lakini pia hivyo vinataka mahali pakavu na safi, so beba kitambaa kavu ndani ya lile begi la kukunja.

Ukirudi keja, osha chumvi na maji ya mfereji, hata kama ni siku ya mgao wa maji, tumia ndoo moja. Chumvi ikikauka kwa valvu, mchanga unashika hapo na valvu inaanza kupumua. Anika kwa kivuli hadi ikauke kabisa, fungua hadi mikunjo ya ndani, ndio ukunje. Ikikunjwa na maji inaota ukungu na inanuka keja nzima. Na iweke juu, kwa kabati ama uitundike, juu panya wa Nai hutafuna PVC kama ni mkate.

Sasa uko na jaketi yenye inakushika, kafi yako, pampu na geji, filimbi, kamba, begi la simu na begi la fundi. Hiyo yote utatumia na boti yoyote, hata ya kukodi ama ya beste, na ukibadilisha boti hizo vitu zinabaki. Ndio maana nimeziweka mbele. Wikendi chache za kukodi pia zitakuonyesha kama hii maneno unaipenda ama ulipenda tu picha.

Ukifika boti, usiogope ya mkono wa pili, lakini usinunue kwa picha ya simu. Angalia iko na vyumba vya hewa tofauti, angalau viwili vya pembeni na sakafu, ndio moja ikipasuka zingine zikufikishe ufuoni. Cheki valvu zinafunga bila kulazimisha, ziko na vifuniko, na uulize kama ile aina bado inapatikana. Pitisha kidole kwa kila mshono. Nusa ndani, ukungu utaujua. Uliza imewahi wekwa kiraka wapi; msee mkweli ataonyesha, na kiraka kizuri si shida. Halafu mwambie aijaze mbele yako na aiwache hadi kesho asubuhi, urudi uione. Akisema hana pampu, akisema ana haraka, akisema kuna mteja mwingine yuko njiani na doh taslimu, mwambie ampe huyo.